Maumivu ya tumbo yajayo na kuondoka: Huenda utumbo umejimeza

WASWAHILI husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii hutumiwa kumhimiza mtu asichelewe kufanya jambo, na wengi wetu tumeiandika katika insha shuleni bila ya kuyafikiria matumbo yenyewe. Juma hili, mpendwa msomaji, nataka tuichukue jinsi ilivyo, kwa kuwa kuna ugonjwa unaowaumiza watu matumbo kwa miezi na hata miaka huku wao wakingoja.

Ugonjwa wenyewe ni ule wa utumbo kujimeza. Madaktari huuita intususepsheni. Wazazi ambao wamewahi kulazwa hospitalini pamoja na watoto wao wachanga huenda wamewahi kuusikia ukitajwa kuwa ni ugonjwa wa watoto. Ni kweli kwamba watoto ndio unaowapata zaidi. Katika kila wagonjwa 100, karibu 95 huwa ni watoto na 5 hivi tu ndio watu wazima.

Hao 5 ndio ninaotaka tuwazungumzie leo. Ugonjwa wao si kama ule wa watoto. Una siri ndani yake, na siri hiyo isipofichuliwa mapema yaweza kumtoa mtu roho.

Utumbo hujimeza vipi?

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, na ule mpana una karibu mita moja na nusu. Matumbo haya yamekunjwakunjwa yakatoshea ndani ya tumbo. Chakula husukumwa humo na misuli iliyo katika kuta za utumbo, ambayo hubana na kulegea kwa zamu, mfano wa mtu anayekamua dawa ya meno.

Sasa tuseme kwamba ndani ya utumbo pameota kinundu. Misuli haiwezi kujua kwamba kinundu hicho kimeshikamana na ukuta. Hukifanya kama tonge la chakula, ikakibana na kukisukuma mbele. Kinundu nacho huuvuta ukuta kilipoota, ukaenda nacho. Basi sehemu ya nyuma ya utumbo huingia ndani ya sehemu iliyo mbele yake, kama antena ya redio inaporudishwa, kipande hiki ndani ya kile. Mama aliyewahi kumvua mtoto sweta kwa haraka, mkono wa sweta ukaingia ndani kwa ndani, anajua ninachosema.

Utumbo uliomezwa huingia pamoja na mishipa yake ya damu, na mishipa hiyo hubanwa. Kwanza damu hushindwa kutoka, na utumbo hufura. Ukiendelea kubanwa, hata damu ya kuulisha haiingii tena. Utumbo usiopata damu hufa, huoza na kutoboka, na uchafu uliokuwa ndani humwagika tumboni. Ikifika hapo, maisha ya mgonjwa huhesabiwa kwa saa, wala si kwa siku.

Kwa mtoto na kwa mtu mzima

Mtoto mchanga anapopatwa na ugonjwa huu, kwa kawaida hakuna kinundu chochote. Mara nyingi ni tezi ndogo za utumbo zilizovimba baada ya mafua au kuhara. Mtoto hulia kwa nguvu huku akikunja miguu, akanyamaza, akaanza tena. Hutapika, na baadaye aweza kutoa choo chenye damu na utelezi. Daktari akimwona mapema, mara nyingi humpulizia hewa au kumwingizia maji kupitia njia ya haja kubwa, huku akitazama picha kwenye mashine, na utumbo hurudi mahali pake bila ya kisu.

Kwa mtu mzima mambo ni kinyume. Katika wagonjwa 10, karibu 9 hupatikana na kitu kilichouvuta utumbo ukajimeza. Kwa hivyo shika neno hili moja hata ukiyasahau mengine yote ya leo: kwa mtu mzima, utumbo haujimezi bure. Kujimeza huko ni moshi, na kazi ya daktari ni kuutafuta moto.

Moto wenyewe ni upi? Inategemea mahali. Katika utumbo mwembamba, mara nyingi huwa ni kitu kisicho kansa. Aghalabu ni uvimbe wa mafuta, au vinyama vinavyoota ndani na kuning'inia, ambavyo madaktari huviita polipu. Kwa wengine huwa ni kovu la upasuaji wa zamani au kijifuko ambacho mtu alizaliwa nacho. Hata hivyo, wako wanaopatikana na kansa, na mara nyingine ni kansa iliyoanzia mahali pengine mwilini, kama vile kwenye ngozi, ikasambaa hadi utumboni.

Katika utumbo mpana mizani hugeuka. Zaidi ya nusu ya watu wazima ambao utumbo wao mpana umejimeza hupatikana na kansa. Hii ndiyo siri niliyoitaja mwanzoni. Yule anayefikiri ana gesi tumboni huenda anabeba kansa ambayo, ikikatwa mapema, yaweza kupona.

Kwetu Afrika kuna mambo mengine ya kuzingatia. Kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake. Huweza kuingia utumboni na kuuvimbisha. Vilevile, mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga ya mwili wake imepungua sana anaweza kuota uvimbe wa Kaposi au kansa ya tezi ndani ya utumbo. Ndiyo sababu daktari akimwuliza mgonjwa kuhusu kikohozi cha muda mrefu, au akimshauri apimwe damu, hana nia ya kumwaibisha.

Na kuna kundi lililo katikati, yaani watoto waliokwisha kupita umri wa uchanga. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 aina ya kansa ya watoto ambayo leo huitwa kwa jina lake. Wengi huijua kwa sababu huvimbisha taya, lakini huweza pia kuota tumboni na kuufanya utumbo ujimeze. Basi mtoto wa shule akipatikana na ugonjwa huu, naye pia hatafutiwi dawa ya tumbo tu. Hutafutwa chanzo.

Mbona hucheleweshwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba maumivu yenyewe ni ya hila. Utumbo wa mtu mzima huweza kujimeza asubuhi na kujitoa jioni. Hufanya hivyo leo, ukatulia wiki mbili, ukaanza tena. Mtu anapopona kabla ya kufika kwa daktari, hujiambia yamekwisha.

Hebu mfikirie mwanafunzi wa chuo anayeishi katika chumba cha kukodi. Tumbo linamkata baada ya chakula cha jioni, anatapika, kisha analala. Kesho yake yu mzima. Anasema ni chapati na maharagwe ya kibandani. Mara ya pili ananunua dawa ya minyoo. Mara ya tatu mwenye duka la dawa anampa dawa ya amiba. Mara ya nne anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anaanza kunywa dawa za asidi. Kisha anapimwa damu katika kliniki ya mtaani na kuambiwa ana homa ya matumbo, ingawa kipimo hicho cha damu huweza kuonyesha alama za ugonjwa uliokwisha kupita zamani. Miezi 6 imekwisha, ametumia pesa nyingi, na hakuna mtu hata mmoja aliyelishika tumbo lake na kulipapasa.

Sisemi kwamba kila anayeumwa na tumbo utumbo wake umejimeza. La, hasha! Ugonjwa huu ni nadra kwa watu wazima, na wengi wenye maumivu ya tumbo wana mambo madogo. Ninachosema ni kwamba maumivu yanayorudi na kurudi hayafai kutibiwa kwa kubahatisha. Ukitibiwa ugonjwa mmoja mara mbili na maumivu yakarudi vilevile, mwambie daktari wazi kwamba unataka kujua sababu, wala hutaki dawa nyingine tu.

Dalili hizi ndizo za kumpeleka mtu akachunguzwe: maumivu ya kukata yanayokuja kwa mawimbi na kuondoka, hasa yakiandamana na kutapika, tumbo kufura, choo kubadilika, mara kufunga mara kuhara, damu katika choo, au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kuishiwa na damu, na uvimbe unaoguswa tumboni leo na kesho haupo. Si lazima mtu awe nazo zote. Wengine huwa na maumivu peke yake.

Na hizi ndizo za kumkimbiza mtu hospitalini hata kama ni usiku wa manane: maumivu yasiyokoma tena, kutapika matapishi ya kijani, kutopata choo wala kutoa hewa, tumbo kuwa gumu na kuuma likiguswa, homa, na moyo kwenda mbio. Mtu wa namna hii asipewe chakula wala kinywaji. Asipewe dawa ya kuharisha ili “afunguke”, wala asitiwe maji kwa nyuma. Na tafadhali, asikandwe tumbo. Najua katika familia nyingi yuko shangazi au nyanya mwenye mikono ya sifa katika jambo hili, na tunamheshimu, lakini utumbo ulioanza kufa huweza kupasuka ukikandwa.

Daktari atachunguza nini?

Kwanza atauliza maswali, na yafaa umjibu bila ya kuficha. Maumivu yalianza lini? Huja baada ya muda gani? Umewahi kupasuliwa? Kuna mtu katika ukoo aliyeugua kansa ya utumbo? Kisha atalipapasa tumbo, na pengine atakuchunguza kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Uchunguzi huo hauna raha, lakini huchukua dakika moja, na huweza kufichua damu au uvimbe.

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha kama utumbo umeziba, ingawa mara nyingi haionyeshi kwa nini. Mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumiwa kwa kina mama wajawazito, husaidia sana kwa watoto. Kwa watu wazima husaidia pia, lakini gesi nyingi au mafuta ya tumbo huweza kuizuia isione vizuri.

Kipimo kinachoaminika zaidi kwa mtu mzima ni skani ya CT. Utumbo uliojimeza ukionekana kwa upana huwa na duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Skani hii pia huonyesha mahali penyewe, kama kuna uvimbe, na kama damu ingali inapita. Mama mjamzito, kwa ajili ya usalama wa mtoto, kwa kawaida huchunguzwa kwanza kwa mawimbi ya sauti au kwa mashine ya MRI, ambazo hazitumii miale.

Ikiwa shida iko katika utumbo mpana na mgonjwa hayuko hatarini, daktari anaweza kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia nyuma ili autazame uvimbe na kuchukua kipande kidogo cha kupimwa.

Kuna jambo moja la kuwatuliza wasomaji. Tangu skani za CT zienee, madaktari wamegundua kwamba utumbo mwembamba wakati mwingine hujimeza kidogo tu, kwa urefu usiofika sentimita 3 na nusu, bila ya uvimbe na bila ya kuziba, halafu hujitoa wenyewe. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hupimwa kwa jambo jingine kabisa, na hana maumivu yoyote. Huyo aweza kufuatiliwa bila ya kupasuliwa. Kwa hivyo, ukisoma neno hilo katika ripoti yako, usipige mayowe kabla ya kuzungumza na daktari mpasuaji.

Tiba yake

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Daktari Paul Barbette wa Amsterdam aliueleza mwaka 1674. Lakini ilipita karibu miaka 200 kabla ya Jonathan Hutchinson, mpasuaji wa London, kufaulu kumpasua mtoto wa miaka 2 mwaka 1871 na kuutoa utumbo uliokuwa umemezwa. Kabla ya hapo, wengi waliougua walikufa.

Leo mtu mzima akifika hospitalini, huanza kwa kuwekewa maji kwa mshipa, kupewa dawa ya maumivu na, inapohitajika, dawa za kuua viini. Mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa uchafu uliokwama. Hayo humpa mgonjwa nguvu, lakini hayamponyi. Kwa wengi, tiba yenyewe ni upasuaji.

Hapa ndipo jamaa hushangaa. “Mbona mtoto wa jirani alipulizwa hewa tu akapona?” Jibu ni kwamba hewa ingeurudisha utumbo, lakini ingekiacha kile kilichouvuta. Utumbo ungejimeza tena. Na kama ni kansa, ingeachwa humo iendelee kukua.

Katika utumbo mpana, wapasuaji wengi hukata sehemu yote iliyojimeza bila ya kuivuta kwanza, kwa sababu kuivuta huweza kuupasua utumbo au kutawanya chembechembe za kansa. Katika utumbo mwembamba, ikiwa utumbo ungali hai na chanzo hakionekani kuwa kansa, mpasuaji anaweza kuuvuta taratibu, kisha akakata kipande kidogo chenye kinundu, ili mgonjwa asipoteze utumbo mrefu. Ncha mbili hushonwa pamoja. Baadhi ya hospitali hufanya kazi hii kwa matundu madogo badala ya mpasuo mrefu.

Mgonjwa aliyechelewa, ambaye utumbo wake umeoza, huenda asishonwe mara moja. Utumbo hutolewa kwenye ngozi ya tumbo na akawa anapata choo katika mfuko kwa miezi kadhaa. Watu wengi huuogopa mfuko huu kuliko ugonjwa wenyewe. Wako wagonjwa wanaokataa kutia sahihi, jamaa wakafanya vikao siku mbili, na vikao vilipokwisha hapakuwa tena na wa kupasuliwa. Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi mfuko ni wa muda, na kwamba anayefika mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kuuepuka.

Baada ya upasuaji, muulize daktari maswali matatu. Mlikuta nini? Kipande kilichokatwa kimepelekwa maabara gani? Majibu yatatoka lini? Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Mgonjwa akishapona kidonda, familia hufurahi na kurudi nyumbani, na ile karatasi ya maabara ikakaa mahali bila ya mtu kuifuata. Karatasi hiyo ndiyo inayosema kama safari imekwisha au kama kunahitajika dawa za kansa au za kifua kikuu. Mchague mtu mmoja katika familia, awe kaka au binti, kazi yake iwe ni kuifuata hadi aishike mkononi.

Tazama midomo ya watoto wako

Nimeacha kwa makusudi jambo moja linalohusu ukoo. Kuna hali ya kurithi iitwayo Peutz-Jeghers, kwa majina ya madaktari walioieleza mwaka 1921 na 1949. Mwenye nayo huwa na madoadoa meusi au ya kahawia kwenye midomo, ndani ya mashavu na pengine vidoleni, na huota polipu nyingi utumboni. Madoa ya midomoni huweza kufifia mtu akikua, lakini yale ya ndani ya mashavu mara nyingi hubaki. Kijana mwenye madoa hayo ambaye tumbo humkata mara kwa mara asingoje hata kidogo. Na mzazi mwenye hali hii huweza kumrithisha nusu ya watoto wake, kwa hivyo akigunduliwa mmoja, wengine nao hupimwa, kwa kawaida kuanzia umri wa miaka 8 hivi, ili polipu kubwa zitolewe kabla hazijauvuta utumbo.

Mwisho ni gharama. Skani na upasuaji si vitu vya bei ya sokoni. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Hakikisha kila mmoja nyumbani amesajiliwa na kwamba malipo hayajasimama, kwani utumbo haungoji mwisho wa mwezi. Pia, jua leo ni hospitali ipi karibu nawe iliyo na mpasuaji usiku na mchana, kabla hujahitaji kuiuliza ukiwa ndani ya teksi.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya ukijishika tumbo lililokusumbua tangu muhula uliopita, kesho ni Jumatatu na kliniki ziko wazi. Nenda, na waambie tangu lini. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia mawe ya figo.